Mzinga Tuliouita Mkwe

Siku mliyoniaga mlinikalisha kiti cha mbele, mkanipa chupa ya chai na doti ya khanga, kisha mmoja wenu akasema, "Fundi Zuhura, tupe neno." Nilisimama, nikazitazama nyuso zenu, nikasema asanteni sana, nikaketi. Neno halikuja. Limekuja baadaye, huku Chanika, kwenye kishamba changu cha mihogo, asubuhi umande haujakauka, nikiwa na jembe mkononi na akili imekwenda matembezini. Nashtukia nimesimama katikati ya tuta nanusa grisi. Huku hakuna grisi. Kuna udongo, kuna moshi wa jirani anayechoma mkaa, lakini pua yangu imeshika njia ya zamani na haitaki kurudi.

Basi nayaandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana cheo cha mtu kinaonekana begani, na habari za mshahara hazijawahi kumfurahisha msomaji. Nitawaeleza habari za mizinga, na hasa ile ya kukokotwa ya kuvunjia vifaru, ambayo mtutu wake ndani ni laini kama kikombe. Nyie mmeikuta imezeeka, imefunikwa turubai nyuma ya karakana, mkaifanya pa kuanikia ovaroli zenu. Sisi tuliipokea ikiwa mipya, na hatukuwa tumeona kitu kama kile.

Nimelelewa Temeke. Baba yangu alikuwa mtu wa Newala, mchonga vinyago, na banda lake lilikuwa kando ya barabara ya Pugu. Utoto wangu wote naukumbuka kama vumbi la mpingo: jeusi, jepesi, linaelea kwenye mwanga wala halitaki kutua. Baba hakuwa msemaji. Alichonifundisha ni kupapasa. Alinipa kipande cha mti, akaniambia nifumbe macho nimwonyeshe kwa kidole penye ufa. Nilipomaliza mafunzo ya jeshi nikaambiwa napelekwa karakana ya mizinga, mama alilia. Baba aliuliza tu, "Huko wanatumia patasi?"

"Sijui, baba."

"Basi nenda ukaone."

Karakana ilikuwa mbele ya Temeke, pale nyumba zilipokuwa zinaishia na mikorosho inaanza. Nilifika nimevaa viatu vilivyonizidi, nimevijaza magazeti mbele. Mlinzi wa lango aliniangalia juu chini akanielekeza jikoni. Nikaenda jikoni. Mpishi akaniangalia, akaisoma ile karatasi yangu, akanielekeza karakana. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, kwa hisani ya mpishi.

Aliyenipokea alikuwa Sajenti Mkude, fundi mkuu wetu, mtu wa milima ya Uluguru, mfupi, mwenye mikono mikubwa kana kwamba ameazima kwa mtu mwingine. Ujanani alichukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda kupigana Burma, na usikivu wa sikio lake la kulia ulibaki hukohuko.

"Shikamoo," nikasema.

"Jeshini hatusalimiani hivyo." Akavitazama viatu vyangu. "Marahaba, binti. Njoo upande huu, wenye sikio zuri."

Alinipeleka kwenye mzinga mmoja uliosimama mlangoni, pua yake imeelekezwa nje. Akaufungua mlango wa nyuma, akaniambia niiname nitazame ndani. Upande wa pili wa mtutu kulikuwa na mkorosho na kipande cha mbingu, lakini sikuviona mara moja. Niliona mwanga umejipanga duara ndani ya duara, mfano wa maji ya kisima ukidondosha kokoto, ila haya hayakutawanyika. Yalitulia pale yalipo, yanang'aa. Nilihisi nikizidi kutazama nitaingia, nitokee chini ya mkorosho ule nikiwa mtu mwingine.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona njia."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Ina mifereji hiyo njia?"

"Hapana."

"Ingiza mkono."

Niliingiza, nikafumba macho kwa mazoea. Chuma kilikuwa baridi na laini, hakina ufa, hakina hata mkwaruzo. "Ni laini," nikasema.

"Shika hilo hilo. Mengine yote nitakayokufundisha yanatokana na hapo."

Na kweli yalitokana na hapo. Acha niwaeleze kama alivyonieleza yeye, tukiwa tumekaa juu ya masanduku matupu ya makombora wakati wa chai, yeye akikata muhogo wa kuchemsha kwa kisu cha kazi.

Mizinga ya zamani ilikuwa na mifereji ndani ya mtutu, inayojiviringa kama uzi wa skrubu. Ile mifereji hulizungusha kombora, nalo likizunguka hunyooka hewani. Mzinga wake wa Burma ulikuwa wa namna hiyo, nao ulifanya kazi ya kugonga chuma kwa chuma. "Chuma chao kikiwa chembamba, unapita," alisema. "Kikiwa kinene, kombora lako linaruka pembeni kama embe bichi, na kifaru kinageuza pua kukutafuta." Vita ile ilipokuwa ikiendelea vifaru vikaongezwa unene, mizinga nayo ikaongezwa uzito kuvifuata, mpaka ikafika mahali kuusogeza mmoja ni sawa na kuhamisha nyumba.

Wenye viwanda wakaja na akili nyingine. Walitengeneza kombora ambalo ndani ya kichwa chake mna bonde la shaba, kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Likigonga, baruti inaikamua ile shaba na kuigeuza mwiba mwembamba wa moto unaopenya chuma kinene kuliko mkono wako ulivyo mrefu. Shida ni kwamba mwiba ule hautaki kizunguzungu. Kombora likizunguka, mwiba unatawanyika, kama maji ya kanzu uliyoifua ukaizungusha hewani. Ndipo mifereji ikatolewa. Mtutu ukawa laini, kombora likawekewa mapezi mkiani kama samaki, likawa linakwenda kama mshale.

Nchi kubwa ziliunda mizinga mirefu ya aina hiyo, mizito, ya kukokotwa na malori, inayorusha misumari ya chuma kwa kasi ya kutisha. Hiyo sikuwahi kuigusa. Niliiona kwenye picha isiyo na rangi ukutani darasani, imesimama kwenye theluji. Kwa miaka mingi niliiota: mtutu mrefu mweupe umeelekezwa Pugu, na theluji, ambayo hata rangi yake nakisia tu, inaiangukia mikorosho yetu taratibu bila sauti.

Yetu ilikuwa midogo, ya magurudumu mawili. Ilivutwa na gari dogo, na gari likikosekana, askari wenyewe walishika mti wa kukokotea uliofungwa mdomoni mwa mzinga wakauburuta kama mkokoteni wa maji. Mahali pa kupigia unashusha miguu yake mitatu, unaondoa magurudumu, mzinga unalala chini karibu na nyasi. Tena haukuwa na teke. Mzinga wa kawaida ukipigwa unarudi nyuma kwa nguvu, ndiyo maana lazima uwe mzito. Huu wetu uliachia nguvu nusu itokee nyuma. Mbele linatoka kombora, nyuma inatoka pumzi ya moto. Pumzi ile inafyeka majani, inainua mchanga, na mtu ikimkuta haimwachi majeruhi, inamuua.

Aliyeupa mzinga mmoja jina la Mkwe alikuwa Athumani. Athumani alikuwa mlengaji, kijana wa Kilwa aliyeishi kwa shangazi yake Vingunguti, mrefu, mwenye macho ya kusinzia. Watu walimdhania mvivu. Alipoweka jicho kwenye darubini ya kulengea ndipo ungejua kwamba usingizi ule ulikuwa utulivu. Msaidizi wake wa kujaza makombora alikuwa Mathayo, mtu wa Njombe, ambaye alipenda kusema sana, kwa hiyo walifaana.

"Mkwe hana masihara," Athumani aliwaambia askari wapya. "Mbele yake una adabu, na nyuma yake hupiti kabisa."

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya mzinga huo. Ulianza kupiga kushoto. Si sana, kwa shabaha ya karibu usingetambua, lakini kwa umbali wa kifaru ulikuwa unakosa. Kwa kuwa mizinga mingine ilipiga sawa, lawama ilimwangukia mlengaji. Ikasemwa macho yake yana walakini, ikasemwa ana mawazo, ikasemwa apelekwe bohari akahesabu mablanketi. Athumani hakujitetea. Alikuja karakana akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Fundi," aliniambia, "mie najua ninapoangalia. Kombora haliendi ninapoangalia. Sijui niseme nini zaidi."

"Umewaambia wakubwa?"

"Nimewaambia. Wanasema mzinga umeshakaguliwa."

Ni kweli tulikuwa tumeukagua. Nilikuwa nimeupapasa mtutu wote mpaka mkono ukafa ganzi, na Sajenti Mkude alikuwa ameifungua darubini na kuirudisha. Hatukuona kitu. Lakini Sajenti alikuwa na msemo wake: mzinga hausemi uongo, watu ndio wanaosema uongo kwa niaba yake. Alinitazama akaniambia, "Tumeutazama ukiwa umelala. Hebu tukautazame ukiwa kazini."

Tukaenda nao kwenye uwanja wa shabaha. Kulikuwa na kijua cha asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na porini palikuwa na ukungu mwepesi kama pazia la chandarua. Nilichukua chaki, nikachora mstari mwembamba kwenye kila mguu wa mzinga, pale kipande cha juu kinapoingia kwenye cha chini. Sababu sikuwa nayo. Ninachokumbuka ni kwamba baba alikuwa hakiangalii kinyago usoni mpaka aangalie kinavyosimama. Athumani akalenga, Mathayo akajaza, sisi tukakaa pembeni kwa mbali, mikono masikioni. Mlio wa mzinga ule ulikuwa haukuingii masikioni, ulikuingia kifuani. Kisha ukungu wote uliokuwa nyuma ya mzinga ukapasuka na kujirudia polepole.

Nikaenda kupiga magoti kwenye miguu. Mistari ya chaki miwili ilikuwa mizima. Wa tatu ulikuwa umekatika: nusu yake imeshuka upana wa ukucha. Kufuli la mguu ule lilikuwa limelika kwa kuburutwa barabarani, likawa linaachia pale tu mzinga unapopigwa. Ukiukagua umetulia, umesimama sawa. Ukipigwa, unainama kushoto, kisha kufuli linashika tena hapo lilipofika, na bila alama huoni kitu.

"Sajenti," niliita. Akaja, akainama, akautazama ule mstari kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Athumani.

"Macho yako mazima," akamwambia. "Mkwe ndiye anayechechemea."

Athumani alikaa chini kwenye nyasi zenye maji, akaweka viganja usoni, mabega yakawa yanatikisika. Mathayo alidhani analia, akaenda kumbembeleza, akamkuta anacheka.

Kufuli jipya nililichonga kutoka chuma cha springi ya lori bovu, kwa tupa, kazi iliyonichukua wiki nzima kwa sababu Sajenti alilikataa mara kadhaa. Kila alipolikataa hakuniambia kasoro. Alilirudisha mezani na kwenda zake. Nyie mlionilalamikia kwamba siwaelezi makosa yenu, basi mjue nilikotoa tabia hiyo. Mwisho alilitia mguuni, akalifunga, akalifungua, akasema, "Hili litakuzika." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Baada ya hapo Athumani alianza kupita karakana bila sababu. Alikuja kuuliza hali ya mzinga ambao alikuwa ametoka kuukabidhi. Siku moja Sajenti Mkude akamuuliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Afande, unaumwa na mzinga au na fundi?" Posa ikaletwa Temeke na shangazi wa Vingunguti, mwanamke mwenye maneno matamu aliyeleta na maini ya ng'ombe, maana mumewe alikuwa mchinjaji. Baba alimtazama Athumani mikono, akamwuliza swali moja. "Unaweza kukaa kimya?"

"Naweza, mzee."

"Basi mtaelewana."

Tulielewana. Tulipanga chumba na ukumbi hapohapo Temeke, na naikumbuka miaka ile kama mchana mmoja mrefu. Naona redio ya jirani inaimba, naona foleni ya sukari imejikunja kuzunguka duka la ushirika la mtaa wetu, naona Athumani amekaa kizingitini anasafisha taa ya chemli kwa kitambaa laini, taratibu, kama anavyosafisha darubini. Tukapata mtoto wa kike. Sajenti Mkude alikuwa ameshastaafu, amejenga Mbweni, wakati huo vichaka vitupu. Alikuja na kuku, akamshika mtoto kwa mikono yake ile mikubwa, akampulizia usoni amwone anavyokunja macho. "Huyu atakuwa mlengaji," akasema.

Kisha vita vikaja, vile vya Kagera. Mtoto alikuwa ananyonya, kwa hiyo mimi nilibaki karakana, na mizinga ikaandaliwa kwenda. Tulifanya kazi mpaka majina ya siku yakatupotea. Kila mtutu ulipitishwa tambara, kila mguu ukajaribiwa, kila gurudumu likatiwa grisi. Mkwe niliushughulikia mwenyewe, wala hakuna aliyeniambia nimpe mwingine. Nilipomaliza niliufungua nyuma nikatazama ndani. Mwanga ulikuwepo, umejipanga vilevile.

Mizinga ilipakiwa kwenye mabehewa ya wazi, imefunikwa majani. Watu walitoka majumbani wakajipanga kando ya reli, akina mama wanapepea khanga, wazee wamevua kofia. Athumani alikuwa juu ya behewa, amekaa kando ya gurudumu la mzinga. Nilimwinulia mtoto.

"Mguu wa kushoto usiuamini kwenye mchanga," nikamwambia. "Uwekee jiwe chini."

"Nitauwekea."

"Na ule vizuri."

"Huko kuna ndizi, mama. Wanasema ni ndizi tu." Akamgusa mtoto kisigino. Treni ikavuta. Alituangalia kwa macho yale ya kusinzia mpaka ikakata kona, na mimi nikabaki nimemwinua mtoto juu muda mrefu baada ya kuwa hakuna wa kumwona.

Habari ililetwa na maafisa wawili, mchana, nikiwa kazini. Walisema amekufa kishujaa. Niliwashukuru. Nakumbuka nilikuwa nimeshika tupa, na nikaimalizia ile kazi iliyokuwa imebanwa kwenye jiliwa la mezani kabla ya kwenda nyumbani. Msiba ukajaa. Sajenti Mkude alikuja akakaa mkekani na wanaume mpaka matanga yalipoanuliwa. Wengi waliniambia kishujaa, kishujaa. Nililichoka neno lile. Halikunieleza alikuwa amekaa wapi, ameangalia nini, jua lilikuwa upande gani.

Aliyenieleza ni Mathayo. Vita vilipokwisha alikuja Temeke kwa miguu kutoka stesheni, begi begani, mkono mmoja umefungwa. Yule msemaji sana alikaa kizingitini akiwa hana la kuanzia. Nilimpa maji, nikamwambia, "Nieleze kama unavyomweleza fundi."

Ndipo akaweza. Aliniambia ilikuwa asubuhi, jua linatoka kuliani kwao. Walikuwa wameuweka Mkwe kando ya njia, kwenye ua wa michongoma, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na bwawa la matete na upande mwingine kilima kimeinuka. Hapakuwa na pengine. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya jiwe.

"Kifaru kikatokea kwenye migomba," alisema. "Kinakuja polepole, hakijatuona. Mie nimeshajaza. Athumani ameshaweka jicho. Nangoja mlio. Hausikiki. Nikamwambia, piga, afande. Akainua mkono, hivi, nisubiri. Halafu akageuka nyuma."

Mathayo akanywa maji.

"Nami nikageuka. Walikuwa wanapita nyuma yetu, dada Zuhura. Wananchi, wanakimbia. Wametokeza kwenye ile njia ndogo ya bwawani, hawajui kama sie tupo. Mwanamke ana godoro kichwani. Mzee amekumbatia mbuzi. Watoto wameshikana mikono. Wako palepale kwenye pumzi ya mzinga. Nikasema, Athumani, kifaru kinageuza pua. Akasema, waache wapite. Hakupaza sauti. Alisema kama unavyosema hodi. Waache wapite."

"Wakapita?"

"Walikuwa wanapita. Yeye anaangalia mbele, anageuka, anaangalia mbele, anageuka. Kifaru kikatuwahi. Kilipiga kwenye ua. Mie nilitupwa pembeni. Nilipoinuka yeye alikuwa amelala juu ya mzinga, ameukumbatia. Nikamsogeza. Nikatazama nyuma, pamekuwa peupe. Nikapiga mimi. Darubini alishaiweka yeye, mie sikuigusa. Kikawaka."

Mtoto alikuwa anatambaa sakafuni, akaufikia mguu wa Mathayo, akashika kamba ya kiatu.

"Walipita wote?" niliuliza tena.

"Wote," alisema Mathayo. "Hata mbuzi."

Mkwe ulirudi karakana na mizinga mingine, umejaa udongo mwekundu wa kule. Nilimtumia habari Sajenti Mkude, akaja kutoka Mbweni amevaa koti lake la zamani. Aliufungua nyuma, akanipisha. Nikainama. Lile duara la mwanga lilikuwa na kovu: katikati ya mtutu kipande cha chuma kilikuwa kimeugonga kwa nje, na kwa ndani kukawa na uvimbe mdogo. Mathayo alikuwa amepiga ukiwa katika hali ile, na kwa nini haukupasuka mikononi mwake sijui mpaka leo. Niliingiza mkono, nikafumba macho. Kidole kikaufikia ule uvimbe, kikapumzika hapo.

Mkuu wetu, Meja mmoja muungwana, alikuja akasimama mbali kidogo. "Fundi," alisema, "uamuzi ni wako. Ukitaka tutaupaka rangi tuuweke langoni, uwe kumbukumbu yake."

Nilimshukuru. Nikafikiria Athumani amesimama langoni mvua na jua, anapigiwa saluti na watu waliochelewa kazini. Nikamwambia hapana. Mtutu ulikuwa umekwisha, lakini darubini ilikuwa nzima, magurudumu mazima, miguu mizima, na kulikuwa na mizinga mitatu uani inayosubiri vipuri. Mimi na Sajenti tuliufungua. Tulifanya kazi bila kuharakisha, kila skrubu kwenye kopo lake, kila kipande kikafutwa kwa tambara. Jua lilikuwa linaingia kupitia matundu ya mabati, linaangukia mikono yake. Darubini ilikwenda kwenye mzinga mmoja, magurudumu kwenye mwingine, miguu kwenye wa tatu. Mtutu ulikatwa. Jioni nilipokwenda kumchukua mtoto kwa mama, mama aliniuliza nimeshindaje. Nikamwambia tumetengeneza mizinga mitatu.

Miaka ikaenda. Nilifundisha wengi kabla yenu, na nanyi nikawafundisha. Mizinga ile ikaanza kuzeeka, makombora yanayofyatuliwa begani yakachukua nafasi yake, na wataalamu wakasema zama za kuburuta mzinga shambani zimepita. Huenda wamesema kweli. Hata hivyo kila kundi jipya nililipeleka uwanjani na mzinga mmoja wa mtutu laini, nikawashushia miguu, nikawaeleza mapezi, shaba na pumzi.

Mwongozo unataka kiongozi wa mzinga atazame nyuma na kuhakikisha pako wazi. Mimi niliwataka wote mgeuke. Mliipa shabaha mgongo, mkasimama mnatazama porini mpaka niseme basi, na mara nyingi sikusema upesi. Mlinung'unika. Mmoja wenu, nadhani mnamkumbuka, aliniambia, "Mama, sie tunaangalia nyuma, na kifaru hakingoji."

"Ni kweli," nikamjibu. "Hakingoji."

"Sasa kama kuna watu nyuma, na kifaru kiko mbele, kitabu kinasemaje?"

"Kinasema uchague mapema mahali pa kuuweka mzinga."

"Na kama hapana pengine?"

Nilimwambia ageuke nyuma kama wenzake. Aligeuka. Kulikuwa na jua, upepo kidogo, nyasi zinalala na kuinuka. Mlikuwa mnaona mikorosho, na nyasi, na pori tupu, mkadhani nawapima subira. Mimi nilikuwa namwona mwanamke mwenye godoro kichwani, na mzee aliyekumbatia mbuzi, na watoto walioshikana mikono, wanakwenda polepole kwa sababu wadogo hawawezi kukimbia. Nilikuwa nangoja wapite.